Distributa Iliyozibwa Kila Tundu: Uchambuzi wa Kisa cha Unyevu Kwenye Mfumo wa Cheche

Gari linalozungumzwa hapa lina injini ya petroli ya silinda nne, ni la miaka ya 1990, na ni la ule uzao wa kati ambao mafuta hupulizwa na nozeli zinazoongozwa na kompyuta huku cheche zikiendelea kugawanywa na distributa, kifaa kinachopokea umeme wa koili na kuupeleka kwa zamu kwenye plagi ya kila silinda. Distributa hiyo imefungwa kwenye ncha ya nyuma ya silinda hedi, ikielekea ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Koili iko kando yake, na nyaya nne hupita juu ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini, kwenda kwenye plagi. Nautaja mpangilio huu mapema kwa sababu mahali distributa ilipokaa ndipo kisa chote kilipoanzia.

Mwenye gari, ambaye ni mwalimu, alieleza kwamba asubuhi za baada ya usiku wa mvua stata huzungusha injini kwa nguvu zote lakini moto huchelewa kushika, na ukishika injini humisi na kutikisika hadi usukani ukatetemeka. Dakika kama kumi baadaye hutulia, na kutwa nzima gari huenda kana kwamba halijawahi kuugua. Akikanyaga mafuta wakati wa mtikisiko huo, injini hupiga chafya kwenye njia ya hewa, na mara mojamoja hulipua kwenye ekzosi. Tatizo la namna hii lina usumbufu wake wa pekee, kwani kila gari lilipofikishwa gereji lilikuwa limeshapata joto na kukauka, na mafundi walijikuta wakitibu maelezo ya mgonjwa bila kuuona ugonjwa.

Kabla halijanifikia lilikuwa limepitia mikono kadhaa. Plagi zote zilibadilishwa, ikasaidia kwa wiki moja hivi. Koili ikabadilishwa, pasipo mabadiliko yoyote. Kisha mwenye gari akafundishwa kupulizia dawa ya kufukuza maji juu ya distributa kila linapogoma, jambo lililofaulu kila mara lakini halikudumu zaidi ya siku chache. Mwisho, fundi mmoja aliamua kumaliza ubishi: akapaka silikoni ya kuzibia kuzunguka ukingo wote wa kifuniko cha distributa, kwenye mashina ya nyaya, na hata kwenye kitundu kidogo kilichokuwa upande wa chini wa distributa, ambacho bila shaka alikiona kuwa mlango wa maji.

"Fundi, tangu lizibwe ndipo limezidi," mwalimu aliniambia. "Sasa linasumbua hata asubuhi isiyo na mvua, na linachukua karibu nusu saa kutulia."

Katika maneno hayo nusu ya uchunguzi ilikuwa imeshafanyika, ingawa nakiri kwamba siku ile sikuyapa uzito yaliyostahili. Nilidhani silikoni ilikuwa imeachia mahali fulani na maji yanaendelea kupenya. Iwapo unyevu ungekuwa unatoka nje peke yake, kuziba hata kwa ovyo kungepunguza tatizo walau kidogo. Kulizidisha ni dalili ya kitu kingine, na dalili hiyo nilikuja kuirudia baadaye.

Umeme unapopata njia ya mkato

Koili huchukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi maelfu mengi. Hewa kavu ya kawaida huanza kupitisha cheche pale umeme unapofikia takriban volti 3,000 kwa kila milimita ya nafasi, lakini ndani ya silinda hewa imeshindiliwa mara kadhaa, na kadiri inavyoshindiliwa ndivyo volti zinazohitajika zinavyopanda. Kwa sababu hiyo nafasi ya plagi isiyozidi milimita moja inaweza kudai volti 10,000 au 20,000 kabla cheche haijaruka, na zaidi ya hapo dereva anapokanyaga mafuta, kwa kuwa hewa nyingi zaidi huingia na mkandamizo huongezeka. Volti hazifiki huko kwa pigo moja. Hupanda, na wakati zinapanda kila sehemu ya mfumo hujaribiwa kwa nguvu ileile: ngozi ya waya, kauri ya plagi, plastiki ya kifuniko, ncha ya rota, yaani kile kijimkono kinachozunguka ndani ya distributa. Kama maji yafuatavyo mkondo, umeme nao huondokea pale panapoanza kuupisha, na ukishaondokea huko volti haziendelei kupanda, na plagi hubaki bila cheche.

Unyevu huleta mkondo wa namna hiyo. Maji safi kabisa hupitisha umeme kwa shida, lakini utando wa maji juu ya kifuniko cha distributa hauwi safi: una vumbi, chumvi, unga wa metali uliotoka kwenye ncha za rota, na mabaki ya asidi ambayo nitayaeleza punde. Ndani ya kifuniko kila waya wa plagi una pini yake ya chuma; utando huo ukiungana kutoka kwenye pini moja hadi nyingine, au hadi kwenye chuma cha injini, umeme huvuja kimyakimya. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini gari lenye tatizo hili huweza kusimama likinguruma vizuri lakini likatapatapa mara tu linapopanda mlima. Likiwa limesimama plagi hudai volti chache kuliko njia ya uvujaji. Likielemewa na mzigo, plagi hudai nyingi na njia ya mkato hushinda.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau, nalo ni kwamba uvujaji huacha kovu. Cheche ndogondogo zinazotambaa juu ya plastiki yenye unyevu huichoma na kuacha mstari wa kaboni, mwembamba kama unywele, na kaboni hupitisha umeme hata maji yakikauka. Mara ya kwanza maji ndiyo tatizo zima. Mara ya hamsini maji ni msaidizi tu wa kovu lililokwisha kujichora. Ndiyo sababu dawa ya kufukuza maji hufanya kazi na wakati huohuo haitibu kitu. Dawa maarufu kuliko zote za aina hiyo, WD-40, iliundwa Marekani mwaka 1953, na jina lake ni kifupi cha maneno yenye maana ya kuondoa maji, likifuatwa na namba ya jaribio lililofaulu, la arobaini. Inafanya kile hasa kinachosemwa na jina lake: inaondoa maji. Kovu haliondoi, na mafuta inayoyaacha nyuma hudaka vumbi litakalobeba unyevu wa wiki ijayo.

Uchunguzi wa alfajiri

Nilimwomba mwalimu aliache gari kwangu usiku kucha, nje, boneti ikiwa imefungwa. Huo ndio msingi wa kazi nzima. Gari la namna hii likipimwa saa sita mchana ni sawa na kumpima homa mtu aliyekwisha kupona. Usiku ule hakukuwa na mvua, ila kulikuwa na baridi na umande. Alfajiri, kabla ya mwanga, niliwasha, na injini ikafanya yote niliyosimuliwa.

Kitu cha kwanza kilikuwa kujua silinda zipi hazifanyi kazi. Sipendi desturi ya kuchomoa nyaya za plagi injini ikiwa inazunguka: mbali na hatari ya kupigwa na umeme, koili iliyonyimwa pa kutolea cheche hupandisha volti hadi kikomo chake na yenyewe inaweza kutoboka ndani. Badala yake nilichomoa soketi ya nozeli moja baada ya nyingine. Nilipochomoa ya silinda 2 na ya 4, injini ilidhoofika wazi. Nilipochomoa ya 1, karibu hakukuwa na tofauti. Ya 3, hali ilikuwa ileile. Kwa hiyo wagonjwa walikuwa silinda 1 na 3.

Ukiitazama injini yenyewe, silinda 1 na 3 si majirani. Katikati yao yumo 2. Kama tatizo lingekuwa gasketi ya silinda hedi iliyoungua kati ya silinda mbili, ningetarajia 1 na 2, au 2 na 3. Lakini mpangilio wa kuwaka wa injini hii ni 1-3-4-2, na ndani ya kifuniko cha distributa pini hupangwa kwa mfuatano huohuo. Huko, na huko peke yake, 1 na 3 hukaa bega kwa bega.

Chafya na mlipuko navyo vikapata maelezo. Rota inapoielekea pini 1, pistoni ya silinda 1 iko juu, hewa imeshindiliwa, na plagi yake inadai volti nyingi. Wakati huohuo pistoni ya silinda 3 iko chini kabisa, ndiyo kwanza inaanza kushindilia. Ndani yake kuna mchanganyiko wa hewa na petroli usio na shinikizo, na plagi yake iko tayari kutoa cheche kwa volti kidogo sana. Kukiwa na daraja kati ya pini hizo mbili, umeme huchagua plagi ya 3. Cheche huruka kabla ya wakati wake, vali ya kuingizia hewa ikiwa haijafunga sawasawa, na moto hurudi kinyumenyume kwenye njia ya hewa: chafya. Silinda 1 hubaki na petroli yake mbichi. Nusu mzunguko wa injini baadaye rota huielekea pini 3, na daraja lilelile sasa hupeleka cheche kwenye silinda 1, ambayo vali yake ya ekzosi imekwisha kufunguka. Petroli ile mbichi ikishika moto hapo, kishindo hutokea nyuma ya gari. Mwalimu alikuwa amesimulia sauti mbili akidhani ni matatizo mawili, kumbe ni daraja moja likivukwa kwenda na kurudi.

Giza lilikuwa bado halijaisha, nikatumia fursa hiyo. Nilichukua chupa ya kupulizia yenye maji ya kawaida, nikaurushia kila waya ukungu mwembamba peke yake, nikiacha muda kati ya mmoja na mwingine. Nyaya tatu hazikuonyesha lolote. Wa silinda 2, mahali ulipokuwa umelalia mkono wa chuma wa tapeti kava, ulitoa vidoa vya buluu vilivyocheza kama vimulimuli na sauti ya kutatarika; injini ikamisi mara mbili tatu, kisha ikatulia maji yalipokauka. Hili lilikuwa kosa la pili, lililokuwa likingoja zamu yake. Anayetaka kufanya jaribio hili ahakikishe hakuna harufu ya petroli, kwa kuwa anatafuta cheche kwa makusudi. Mikono ikae mbali na mikanda na feni. Na mtu aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asilisogelee kabisa.

Baadaye, mchana, nilizipima nyaya zote kwa mita ya omu, inayopima ukinzani wa umeme, na zote zilisoma kati ya omu 5,000 na 7,000, jambo la kawaida kwa nyaya za moyo wa kaboni zenye urefu ule. Waya wa silinda 2, ambao maji yalikuwa yameufichua alfajiri, ulifaulu mtihani pamoja na wenzake. Mita ya omu hupima moyo wa waya kwa volti chache za betri yake ndogo. Ngozi ya waya, ambayo ndiyo inayozuia makumi elfu ya volti, haiigusi. Nimeona nyaya mbovu zikirudishwa kwenye magari kwa sababu tu mita ilizisifu.

Chini ya kifuniko

Kukata silikoni kulichukua muda mrefu kuliko kufungua boliti. Kifuniko kilipoachia, harufu kali ilitoka, ile inayokaa puani baada ya radi kupiga karibu. Ndani kulikuwa na matone. Hayakuwa mengi, lakini yalitapakaa juu ya dari ya kifuniko na kwenye mabega ya pini, pini zenyewe zikiwa na ukoko wa kijani na mweupe, na sakafu ya distributa ikiwa na utando wa mafuta ya injini.

Nilikifuta kifuniko kwa kitambaa safi na alkoholi, nikakiacha kikauke, kisha nikakitazama kwenye mwanga bila kuona kitu. Nikaweka ncha za mita kwenye pini 1 na pini 3: hakuna njia. Halafu nikakisogeza mdomoni na kukipumulia, kama mtu anavyofanya kabla ya kufuta miwani. Ukungu ulitanda, na ndani yake mstari ukajichora, mweusi, wenye matawi madogo kama mzizi, kutoka pini hadi pini. Mita ikashuka hadi mamilioni machache ya omu, ikakaa hapo kwa sekunde kadhaa, ikapanda tena kadiri ukungu ulivyopotea. Kovu lilikuwa bado halijaungana. Lilikuwa vipande vya kaboni vilivyoachana kidogo, na pumzi yangu moja ndiyo iliyoviunganisha. Hivyo ndivyo gari lilivyokuwa likiugua alfajiri na kupona kabla ya saa mbili.

Hapa ndipo nilipoyarudia maneno ya mwalimu kuhusu kuzibwa. Kile kitundu cha chini kilichofungwa kwa silikoni hakikuwa kasoro ya kiwandani. Cheche inayoruka kati ya rota na pini hutengeneza ozoni na oksidi za nitrojeni, ambazo zikikutana na unyevu huzaa asidi ya nitriki. Asidi hiyo hula shaba na alumini, na utando wake hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua. Kitundu kipo ili gesi hizo zitoke, na ili unyevu ulioingia upate pa kupitia distributa ikipata joto. Kukiziba ni kuifungia asidi chumbani pamoja na kile itakachokiunguza.

Swali lililobaki ni unyevu wa ndani ulitoka wapi, ikiwa mvua ilikuwa imezuiwa. Nilianza na hewa yenyewe. Hewa iliyoshiba unyevu kwenye nyuzi joto 25 za Selsiasi hubeba takriban gramu 23 za maji kwa kila mita ya ujazo, na kwenye nyuzi 15 hubeba kama gramu 13. Tuseme ndani ya distributa mna nusu lita ya hewa: ikipoa kwa kiwango hicho huachia miligramu tano hivi, yaani sehemu ya kumi ya tone moja. Kiasi hicho kinatosha kutengeneza utando usioonekana, lakini hakitoshi kuleta matone niliyoyaona kwa macho.

Jibu lilikuwa kwenye yale mafuta sakafuni. Lita moja ya petroli ikiungua huzalisha maji yanayokaribia lita moja. Sehemu kubwa hutoka kwa ekzosi ikiwa mvuke, lakini gesi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni, huingia kwenye sehemu ya chini ya injini na kusambaa hadi juu ya hedi. Distributa ya gari hili huendeshwa na shafti ya vali, na kinachoitenga na mvuke huo ni oilsili ndogo, ambayo niliikuta imekauka na kupasuka ukingo. Injini ilikuwa inaipumulia distributa mvuke kutoka ndani. Zamani mvuke huo ulitoka kwa kitundu cha chini. Baada ya kuzibwa ulikaa, ukapoa usiku, ukawa matone. Kazi ya silikoni ilikuwa njema kupita kiasi.

Maji ya mvua nayo

Hata hivyo kisa kilianza kabla ya silikoni, tena kilianza na mvua, kwa hiyo haikutosha kulaumu oilsili. Nilimwaga jagi moja la maji taratibu chini ya kioo cha mbele, pale wipa zinapokaa, huku msaidizi wangu akiangalia kwa tochi. Kwa kawaida maji hayo huingia kwenye mfereji na kutoka pembeni kwa mirija miwili. Mrija wa kushoto ulikuwa umejaa majani yaliyooza hadi yamekuwa udongo. Maji yakapanda mferejini, yakafika ukingo, yakapita mahali ambapo mpira wa boneti ulikuwa umeng'oka kwa urefu wa kiganja, na kuanza kudondoka moja kwa moja juu ya distributa.

Mahali pa kukaa distributa ni jambo ambalo hata waundaji wakubwa wamewahi kulikosea. Mini ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1959, injini yake iligeuzwa wakati wa maandalizi na distributa ikajikuta mbele, nyuma tu ya wavu wa hewa, ikitazama mvua. Wenye magari hayo wakawa wanaivisha glavu za mpira, vidole vikipitisha nyaya. Gari letu lilikuwa na distributa upande wenye kificho zaidi, lakini kificho kilitegemea mrija mmoja usizibwe na majani.

Matengenezo na kuthibitisha

Ningeweza kubadilisha kila kitu siku moja na kumkabidhi mwalimu gari lake, lakini hapo nisingejua kipi kilichotibu. Nilifunga kwanza kifuniko kipya na rota mpya peke yake, oilsili, nyaya na plagi zikiwa zilezile, na kitundu cha chini nikakiacha kimezibwa makusudi. Alfajiri iliyofuata injini haikumisi hata mara moja, ila nilipofungua kifuniko nilikuta ukungu wa matone juu ya plastiki mpya. Niliifuta, nikakizibua kitundu kwa kijiti na waya mwembamba, nikaliacha gari usiku wa pili. Safari hii kulikuwa na unyevu hafifu tu kwenye pini moja. Usiku wa pili ulikuwa na umande mchache zaidi ya wa kwanza, kwa hiyo silibebi jaribio hilo kama ushahidi usiopingika. Lakini nilipokirudisha kifuniko cha zamani asubuhi hiyohiyo na kukipumulia kabla ya kukifunga, silinda 1 na 3 zilikufa palepale na chafya ikarudi. Mshtakiwa mkuu alikuwa amethibitika.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya kawaida. Oilsili ya shafti ilibadilishwa pamoja na ringi ya mpira ya shingo ya distributa. Mabaki ya silikoni yalikwanguliwa yote, kwa sababu kipande kikibaki kwenye ukingo kifuniko hukaa upande na kuacha uwazi. Nyaya zilibadilishwa zote nne na kurudishwa kwenye vibanio vyake, zisilalie chuma wala zenyewe kwa zenyewe. Plagi zilikuwa mpya, lakini nilipozipima nafasi yake ilikuwa milimita 1.1 wakati injini hii inataka 0.8, aliyezifunga alizitoa kwenye boksi na kuzisokota zilivyo. Nafasi kubwa hudai volti nyingi, na volti nyingi huzidisha msukumo wa kuvuja. Moja kati yake, ya silinda 3, ilikuwa na mstari mweusi juu ya kauri nyeupe, ulionakiliwa kutoka kwenye kovu la ndani ya mpira wa waya wa zamani. Hiyo ilitupwa, nyingine tatu zilirekebishwa na kurudishwa. Mpira wa waya wenye kovu ukivikwa plagi mpya huiharibu nayo, ndiyo maana ile nafuu ya kubadilisha plagi ilidumu wiki moja tu.

Ndani ya midomo ya mipira ya plagi na ya kifuniko nilipaka grisi ya silikoni, utando mwembamba kwa ncha ya kidole. Grisi hii haipitishi umeme, hivyo haifai kurundikwa kwenye chuma kinachopaswa kugusana. Kazi yake ni kuzuia maji yasitambae kati ya mpira na kauri, na kuufanya mpira uchomoke bila kuchanika safari ijayo. Isichanganywe na ile silikoni ya kuzibia inayoganda, ingawa majina yanafanana. Mirija ya mfereji ilizibuliwa kwa maji, na mpira wa boneti ukagandishwa upya. Jagi la maji likamwagwa tena: yote yalitoka pembeni.

Koili ya zamani, ambayo mwalimu alikuwa ameihifadhi, niliipima kwa kifaa cha kujaribia cheche kilichofungwa kwenye chuma cha injini, ikaruka vizuri. Ilikuwa nzima tangu mwanzo. Alirudi nayo nyumbani kama akiba.

Magari yenye koili juu ya kila plagi yamepunguza nyaya na kuondoa distributa, lakini unyevu umehamia kwenye visima vya plagi. Maji ya kuosha injini kwa presha hutuama humo, au mafuta hushuka kutoka kwenye gasketi ya tapeti kava, na kovu hujichora kwenye mguu wa koili kama lilivyojichora kwenye kifuniko chetu. Kompyuta angalau husaidia kutaja silinda, kwa mfano alama P0303 kwa silinda ya tatu, na kuihamisha koili inayoshukiwa hadi silinda nyingine ni jaribio la dakika tano: alama ikihama nayo, koili au mguu wake una kosa. Gari la mwalimu halikuwa na anasa hiyo.

Nililiona tena baada ya miezi miwili, katikati ya mvua za mfululizo. Lilikuwa halijasumbua hata asubuhi moja. Nilifungua kifuniko kwa udadisi: pini zilikuwa na unga mwepesi wa kijivu wa kawaida, sakafu ilikuwa kavu, na kitundu cha chini kilikuwa wazi. Mwalimu, aliyekuwa amesimama kando yangu na tochi, aliinama akakitazama kitundu hicho kwa muda, kisha akauliza kama kweli hakihitaji hata kizibo kidogo tu, cha mpira. Nikamwambia akiache kilivyo, na kila anapoosha gari amwage maji kidogo pale chini ya wipa aone kama bado yanatokea pembeni.